Tangazo la Matope Lililonyamazisha Soko

Uvumi ulinikuta nafua. Jirani yangu alikuja mbio na simu mkononi, akanibandikia sikioni hata povu sijafuta, akasema: "Hebu sikiliza. Ijumaa watu wa bondeni wanatolewa sokoni. Kasema yule mwanamke wa spika."

Nikasikiliza. Lugha ilikuwa ya watu wa mlimani, mimi siijui. Lakini sauti niliijua. Ni sauti iliyoniuzia sufuria, ikaniuzia dawa ya panya, ikaniuzia na mwavuli ambao sikuutaka. Ilikuwa inaita, haya haya haya, na nilipoitazama simu, chini ya picha ya watu wenye marungu pameandikwa kwa Kiswahili: "Ijumaa tunawatoa watu wa bondeni. Kila aliye wetu ajiandae." Katika maneno yote yale nisiyoyaelewa, moja lilitoka wazi kabisa. Ijumaa.

Binti yangu anasoma shule iliyopakana na soko, upande wa bondeni. Neno lile likanikwama kama mwiba wa samaki. Nikila lipo, nikisali lipo, nikiosha vyombo lipo. Nikamwambia mtoto, wewe wiki hii huendi popote, na usiniulize kwa nini.

Leo ninacheka, lakini ninaandika kwa sababu karibu tusicheke. Wazazi wenzangu, shule yangu mimi iliishia msingi, sina maneno makubwa. Nitasema nilichokiona na nilichoambiwa na wenyewe, kisha mwishoni nitataja ya kuepuka.

Ni asubuhi, mambo yale yameshapita, na Bi Kipaza, yule mwanamke wa spika, amejifungia chumbani kwake. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake, ila soko zima linamwita hivyo na yeye anaitikia. Ukutani amegandisha trei za mayai toka chini mpaka juu ili sauti isirudi. Mlangoni amesimamisha godoro. Maikrofoni ameivika soksi ya mtoto mchanga, ya rangi ya waridi. Ananionyesha kidole nisikohoe, anavuta pumzi, anaanza.

"Haya haya haya, mama! Vikombe! Vikombe visivyovunjika! Ukigombana na mume unarusha, unaokota, unanywea chai! Njoo mwenyewe, usitume mtu! Mwisho..."

Jogoo wa jirani anawika.

Bi Kipaza anaachia pumzi yote. "Huyu jogoo iko siku atakuja kudai mshahara," ananiambia. "Kuna tangazo la viatu lina sauti yake mpaka leo. Nilitaka kulirudia, mteja akakataa katakata. Anasema tangu jogoo aingie, viatu vinatoka."

Kazi yake ni hii. Mwenye kibanda anamwambia anauza nini na kwa bei gani. Yeye anatunga maneno, anarekodi, anaweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Mwenye kibanda anaichomeka kwenye spika, na spika inaita watu kutwa nzima huku yeye anahudumia. Tangazo moja linampa mkate na sukari vya siku mbili. "Nikipata mteja wa magodoro, nakula na nyama," anasema.

Kwa kazi hiyo anamsomesha binti yake aliye sekondari na anamtunza mama yake mzazi, ambaye nyumbani wanamwita Bibi. Nilipomuuliza baba wa mtoto yuko wapi, alicheka. "Aliona nyumba ina kelele, akaenda zake kutafuta ukimya. Natumaini ameupata."

Miaka yote ya kazi hii aliuza kwa Kiswahili tu. Kuna sababu. Alipoanza, mteja wake wa kwanza kabisa alimrudishia kadi akimwambia ana lafudhi ya mlimani, inanuka moshi wa kuni.

"Nikaisugua," anasema. "Niliisugua lafudhi yangu kama sufuria iliyoungulia. Ikatoka kazini, ikatoka na nyumbani. Mama yangu akinisemesha kwa lugha yetu, namjibu Kiswahili. Binti yangu ndio kabisa. Bibi yake akimwagiza maji anamletea kiti, wanabaki wanaangaliana."

Bibi, aliyekuwa kitandani anachambua mchele kwenye ungo, akaingilia: "Na mimi nikakaa. Ningefanyaje, na kiti kimeshaletwa?"

Sasa nieleze soko letu lilivyo, maana bila hilo hamtaelewa. Limekaa kwenye mteremko. Juu wana vibanda watu wa mlimani, chini watu wa bondeni, na sisi wengine tumechanganyika katikati. Mtaro mmoja unalipita soko lote. Mvua za mwaka huu ziliuziba mtaro ule kule juu, maji yakaacha njia, matope yakashuka katikati ya vibanda. Kule juu yalikuwa ya kifundo cha mguu. Kule bondeni mama alikuwa anauza nyanya amesimama juu ya kreti.

Watu walikwenda manispaa. Wakaambiwa suala lao linashughulikiwa. Muuza mkaa mmoja alipopandisha sauti, kesho yake kibanda chake kilikutwa na kufuli lisilo lake. Baada ya hapo kila mtu akafyata mdomo. Na bwana wa ushuru aliendelea kupita kila asubuhi.

"Kilichonimaliza ni buti," anasema Bi Kipaza. "Alikuja amevaa buti za mpira mpaka magotini. Yaani anajua kuna matope, amejiandaa na matope, na bado ananyoosha mkono."

Siku hiyo alirudi nyumbani, akakaa kizingitini anajikwangua miguu na kijiti. Bibi akamuuliza kwa lugha yao, umeleta nini leo kutoka sokoni? Na yeye, bila kufikiri, akamjibu kwa lugha ile ile aliyoiacha, tena kwa sauti ya kazi. Alinitafsiria hivi:

"Haya haya haya! Matope! Matope mapya yameingia! Kuna mazito, kuna mepesi, kuna ya kupaka na ya kuogelea! Chukua ndoo moja, mbu unaongezewa! Mama usiogope bei, ulishalipa, ushuru wako ndio huu! Mali ya manispaa, haiozi, haiishi, haina mwenyewe! Njoo mwenyewe, usitume mtu! Mwisho Ijumaa!"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Binti, ambaye hakuelewa neno, alicheka kwa kumuona bibi yake anacheka. Akachukua simu. "Rudia, mama. Rudia hivyo hivyo."

Nilimuuliza, kwa nini kwa lugha ya mlimani na si Kiswahili ambacho ndicho kinachompa kula?

"Dada, kwanza kicheko changu cha utotoni kiko huko, nilikiacha huko," alisema. "Pili, bwana wa ushuru haijui. Ningesema kwa Kiswahili, kesho yake kufuli. Tatu..." Akainyoosha ile soksi ya maikrofoni. "Tatu nilitaka nijisikie. Nilikuwa nimeuza kila kitu kwa sauti hii isipokuwa mimi mwenyewe."

Na Ijumaa ilitoka wapi? Hapo alijipiga paji la uso. "Mazoea ya kazi! Kila tangazo mimi namaliza na mwisho Ijumaa. Vikombe, mwisho Ijumaa. Dawa ya panya, mwisho Ijumaa. Ijumaa ikipita, natengeneza jingine, nalo mwisho Ijumaa. Watu wanapenda kuharakishwa. Na Ijumaa ni Ijumaa, lugha yetu haina neno jingine. Nililisema kama mtu anavyosema amina."

Binti akaitia sauti mtandaoni pamoja na picha ya mtaro. Hakuandika maelezo. Angeandika nini, na yeye mwenyewe haelewi?

Ikatembea. Ilitembea kwenye simu za watu wa mlimani walioko sokoni, na walioko mbali ambao hata soko letu hawajawahi kuliona. Bi Kipaza alinionyesha ujumbe alioutunza, wa mtu asiyemjua: "Sijasikia lugha hii tangu tumzike bibi yangu. Nimecheka peke yangu kwenye basi, watu wakanihama kiti." Vijana wakaliweka neno lao la matope mbele ya majina yao mtandaoni. Wengine wakatengeneza matangazo yao kwa sauti ya kumuigiza, mmoja anauza mashimo ya barabarani, mwingine anauza foleni ya hospitali.

Sokoni nako ikawa na lugha yake. Mtu akisema "nimenunua ndoo," maana yake nimechoka na hawa. Bwana wa ushuru akiuliza biashara vipi, wanamjibu kwa adabu, "Tunashukuru, leo tumenunua ndoo mbili." Anaitikia, vizuri, vizuri, anaondoka na buti zake. Huku nyuma watu wanaegemeana kwa kicheko.

Hapo palikuwa patamu. Lakini utamu ule ulikuwa wa upande mmoja.

Maneno chini ya picha yakaanza kugeuka, kidogo kidogo. "Huyu ni wetu." "Wenye kuelewa tumeelewa." Kisha mmoja akaandika, kwa lugha yao, kwamba sasa ijulikane soko hili lina wenyewe. Binti akauliza, mama, huyu anasema nini? Bi Kipaza akamwambia, anatusifu, mwache.

"Moyo ulikuwa umenivimba," aliniambia. "Watu maelfu wananiita dada yao. Mtu akiwa anapigiwa makofi hageuki kuangalia nani anapiga."

Na kule chini? Nilimuuliza Mama Masufuria, mwenye kibanda cha vyombo upande wa bondeni, aliyekuwa mteja wa Bi Kipaza tangu zamani. Alinijibu kwa swali. "Mtu anacheka kwa lugha usiyoijua, huku anakuangalia miguu yako yenye matope. Wewe ungedhani anacheka nini?"

Basi udongo ulikuwa umeshalimwa. Akatokea mtu, mpaka leo hajulikani, akaichukua sauti ile. Akatoa picha ya mtaro, akaweka picha ya watu wenye marungu waliopigwa picha sijui wapi, sijui lini. Chini akaandika yale maneno ya kuwatoa watu wa bondeni. Hakugusa sauti hata chembe. Hakuwa na haja. Mtu wa bondeni akisikiliza, anasikia mwanamke wa mlimani anapaza sauti, haya haya haya, kisha mwishoni anasikia kwa masikio yake mwenyewe: Ijumaa. Atabisha nini?

Likaingia kundi la vijana, likaingia kundi la kwaya, likaingia kundi letu la wazazi wa shule. Kutoka huko likaja kwenye beseni langu la kufulia.

Bi Kipaza hakujua. Jumatano alishuka bondeni kupeleka kadi ya tangazo jipya la nguo za watoto. Mwenyewe anasema huwa anapenda kupita sokoni, maana anatembea ndani ya sauti yake. Huku anauza hiki, kule anauza kile, anajisahihisha kimoyomoyo.

"Nilipofika kwenye nguo za watoto, spika ikazimwa," anasema. "Nikadhani umeme. Nikapiga hatua, dawa ya panya ikanyamaza. Nikapiga hatua, sufuria zikanyamaza. Nikamwona Mama Masufuria mkono wake uko kwenye waya, na ananitazama. Kila ninapofika, nanyamaza. Dada, hujawahi kusikia kitu kama hicho. Ni kama unajisikia unakufa, kidogo kidogo, kibanda kwa kibanda."

Kijana mmoja aliyekuwa anapanga mikanda akamwambia bila kuinua kichwa: "Ijumaa si mbali. Tutaonana."

Spika moja tu ilikuwa bado inaita, mwisho kabisa, pale matope yanapoishia kwa kutengeneza bwawa. Ni ya mzee mmoja wa bondeni anayeuza ndala, wanamwita Mzee Kandambili. Bi Kipaza alikwenda pale kwa sababu ndipo palipokuwa na sauti.

Mzee Kandambili nilimfuata mimi mwenyewe anieleze. Ni mtu mwembamba, anavaa kofia ya sufi hata jua likiwa kali, na anapokuhadithia anakupiga piga mkononi na ndala.

"Wenzangu wananiuliza, kwa nini wewe hukuzima?" alisema. "Nikawaambia, simu yangu ina tochi na redio. Uvumi hauna pa kuingilia. Habari zenu nazipata zimeshapoa. Nikamwona huyu dada anakuja kijivu kama jivu lenyewe. Nikamvutia kigoda. Nikamwambia, dada, wanasema umetutukana na Ijumaa utatufukuza. Sasa kabla sijakasirika, niambie nimekasirikia nini."

Bi Kipaza akakaa. Akamwambia lile tangazo kwa Kiswahili, neno kwa neno. Matope mapya yameingia. Kuna ya kupaka na ya kuogelea. Mzee ametulia, anasikiliza. Alipofika kwenye mbu wa kuongezewa, mzee akaanza kutikisika. Alipofika kwenye ushuru wako ndio huu, akashika nguzo ya kibanda, kofia ikamdondokea kwenye bwawa.

"Nilicheka," mzee alikiri. "Nitasemaje sikucheka? Nilicheka mpaka watu wakadhani nimeshikwa na tumbo."

Kisha akaacha kucheka. Na alichokisema baada ya hapo, Bi Kipaza anasema hatakisahau.

"Lakini dada," alimwambia, "matope haya yanaanzia kwenu, yanaishia kwetu. Huko juu mnayakanyaga, huku sisi tunayalala. Kwa nini umeyashtaki kwa lugha ambayo wenye matope hatuijui?"

Bi Kipaza alitazama miguu ya mzee. Ilikuwa imebabuka kwa maji.

"Nilikuwa nimejificha bwana wa ushuru asinijue," aliniambia. "Kumbe ukuta niliojificha nyuma yake ulikuwa umejengwa mgongoni mwa mtu."

Watu walianza kusogea, maana kicheko cha mzee kilisikika mbali na hakikuwa cha ugomvi. Mama Masufuria akaja na mwiko mkononi. "Anasemaje?" Mzee akamrudishia tangazo lile kwa lugha ya bondeni, vipande vipande, akichanganya. Mama Masufuria akajizuia, akajizuia, akashindwa pale kwenye kuogelea.

"Sasa hiyo," mzee akasema, "iweke kwa lugha yetu. Leo hii."

"Mzee wangu, siijui lugha yenu."

"Hukujua na vikombe, ukaviuza. Sema ninavyosema."

Basi mwanamke yule, ambaye kazi yake ni kusema vitu vya watu kwa niaba yao, akakaa kwenye kigoda akawa mwanafunzi. Mzee anatoa mstari, yeye anaufuata. Anasema kama mtu mwenye pipi shavuni, watu wanacheka. Mama Masufuria anamsahihisha: "Hapo vuta. Vuta! Matope yetu ni mazito, wewe unayasema kama maji ya kunawa." Mwingine akapinga, mbu wa huku hawaitwi hivyo, hao unaowasema ni wa kule mtoni. Wakabishana kuhusu mbu. Yule kijana wa mikanda alikuwa amesimama nyuma ya watu na uso wake bado umekunjwa. Walipoanza kubishana kuhusu mbu akashindwa, akatoa na yeye neno lake, likakubaliwa.

Wakarekodi hapo hapo, na kelele zote za soko zikaingia. Mstari baada ya mstari. Bi Kipaza akapata moto, sauti ya kazi ikamrudia, akafika mwisho, akafumbua kinywa kusema lile neno lake la siku zote. Mzee Kandambili akamziba mdomo na ndala.

"Ishia hapo! Ijumaa hatusemi!"

Alhamisi nzima kadi zilikuwa zinapita mkono kwa mkono. Muuza mkaa aliyefungiwa kibanda akaomba na yeye arekodiwe kwa lugha yake, ni ya mbali sana huko, ina watu wachache sokoni. Akarekodiwa. Na la Kiswahili likarekodiwa safari hii bila kujificha.

Lakini sisi huku majumbani hatukujua. Uvumi ulikuwa bado unatembea, tena sasa umeota miguu. Wengine walisema magari yameshakodiwa. Ijumaa asubuhi shuleni waliingia watoto wa kuhesabika, wangu hayumo. Vibanda vingi havikufunguliwa. Gari la askari lilisimama kwenye lango la soko, askari wamekaa nyuma na kofia zao ngumu, na hiyo ikatuthibitishia.

Mimi nilitoka kwa sababu ndani hamkuwa na kitunguu. Nilitaka ninunue cha haraka pale langoni nirudi. Nilimfungia mtoto kwa kufuli, funguo nikaiweka kifuani. Nimesimama pale, mara nikasikia: haya haya haya!

Ni yeye. Nikatafuta njia ya kukimbilia.

"Matope! Matope mapya yameingia!"

Kwa Kiswahili. Nikasimama. Spika ya pili ikaitikia kutoka bondeni kwa lugha ya bondeni, sauti ile ile ila inapinda pinda kama mtoto anayejifunza kutembea, na nyuma yake watu wanacheka. Ya tatu ikaanza kule juu kwa lugha ya mlimani. Ya nne sikuitambua, nikaambiwa ni ya muuza mkaa. Soko lote likawa linauza matope kwa wakati mmoja. Muuza vitunguu akanitafsiria moja, jirani yake akanitafsiria nyingine, na kila nilipogeuka nikakuta ni jambo lile lile. Hakuna aliyefukuzwa. Hakuna aliyetukanwa, labda mbu na yule mwenye buti.

Askari mmoja alishuka kwenye gari, akasikiliza, akajifanya anafunga kamba ya kiatu ili asionekane anacheka.

Nilikaa juu ya gunia la vitunguu la mtu bila hata kuomba ruhusa. Nililia kidogo, ile ya kutua mzigo. Muuza vitunguu akaniambia, mama, hivyo vitunguu bado sijakata. Kisha nikakumbuka funguo iko kifuani kwangu na mtoto yuko ndani, nikainuka mbio.

Tangu hapo? Manispaa walileta lori, wakazoa matope kuanzia juu mpaka kona ya mkaa. Kufuli la muuza mkaa lilitoweka kimya kimya kama lilivyokuja. Kule mwisho kwa Mzee Kandambili bado. Bwana wa ushuru alimtafuta Bi Kipaza siku nzima, Bibi akaanza kumfungashia mwanawe nguo kwenye begi, akijua ni jela. Kumbe bwana yule alitaka atengenezewe tangazo la kuwakumbusha watu kulipa ushuru mapema.

"Nikamwambia, bosi wangu, lete kwanza lori la pili," anasema Bi Kipaza. "Lori likifika kwa Mzee Kandambili, nitakutangaza mpaka uone haya."

Ule ukurasa uliopachika picha ya marungu umeshafutwa, baada ya watu wa pande zote mbili kuulalamikia. Yale maneno bado yapo kwenye simu za watu wengine. Mwezi uliopita shangazi yangu aliyeko mbali alinitumia kwa mara nyingine, anauliza, mwanangu, huko mko salama? Nikampigia, nikamwambia shangazi, huku tunauza matope.

Spika zake zimerudi zote. Za bondeni zimeongezeka, maana sasa wanataka na lugha yao, na Mama Masufuria ndiye msahihishaji. Mpango wa Bi Kipaza ni kupata chumba kikubwa zaidi, mbali na jogoo, ambako mwenye kibanda yeyote atarekodi kwa lugha yake na maneno ya Kiswahili yataandikwa chini na wenyewe, kabla mtu mwingine hajawaandikia. Lugha ya mama yake hataiacha tena. "Sitaisugua," anasema. "Ila mlango nitauacha wazi."

Binti naye anajifunza kwa Bibi kila jioni wakati wa kuosha vyombo. Nilimkuta anarudia maneno fulani kwa bidii, Bibi anaitikia kwa kichwa. Nikauliza anamfundisha nini.

"Matusi," Bibi akasema. "Ndiyo yanakaa haraka. Akitukanwa mtandaoni, aweze kujua."

Wazazi wenzangu, ya kuepuka ni haya:

Usitume mbele sauti ya lugha usiyoijua. Tafuta kwanza mtu anayeijua, hata kama ni yule unayemwogopa. Hasa yule.

Usiamini maandishi ya chini ya picha. Aliyesema na aliyeandika wanaweza kuwa watu wawili.

Usitie kitu mtandaoni kwa lugha yako ukakiacha kitupu, bila maelezo.

Usinyamaze mtu anapokusifu kwa kumdharau jirani yako.

Usimruhusu mtoto atume sauti ya mzazi ambayo yeye mwenyewe haielewi.

Usicheke ukimwangalia mtu miguu.

Usizime spika ya mtu kabla hujamuuliza alichosema.

Usimfungie mtoto ukaondoka na funguo.

Na ukiwa unatangaza chochote, matope au vikombe, usiseme mwisho Ijumaa.